Waya wa Jino la Tabby

Jumatatu, 3 Machi

Binti yetu Tabby ameng'olewa gego la chini. Limeoza, na ana miaka sita tu! Daktari Karimi anasema la ukubwani litatoka akikaribia miaka kumi, na kabla ya hapo meno ya jirani yatalala kwenye pengo na kuliziba. Anashauri kiwaya cha kulinda nafasi. Akatuambia mimi na Wacera tukazungumze nyumbani, tuamue.

Nyumbani! Mke wangu ana miezi mitano kwa wazazi wake Endarasha, tangu niuze ng'ombe wake bila kumwuliza, nikanunua mashine ya kutotolesha vifaranga. (Vifaranga hadi leo: wawili.) Lakini leo tumekaa benchi moja saa nzima, hapa Nyeri mjini. Ananukia mafuta yake yale yale. Nikapata wazo. Uamuzi usipofanyika, lazima tukutane tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Wacera simu. Nikasema jambo la waya ni zito, linataka tukutane ana kwa ana. Akasema yeye ameshaamua, uwekwe. Nikauliza, je, ukishika kutu? Akasema nimwulize daktari. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume. Gatobu! Yule Mmeru anayeuza mbegu za viazi, mwenye pikapu na meno yote. Ati amemletea mtoto maziwa. Sikuweza kula chakula cha mchana.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi kwa daktari. Nilivaa koti la harusi. Nilikuja na hoja nzito: Tabby amepewa jina la mama yangu, kwa hivyo kwa desturi yetu yeye ni mama yangu, nami siwezi kutia chuma kinywani mwa mama yangu bila idhini yake. Daktari akatazama dari. Wacera akacheka! Kidogo tu, akifunika mdomo. Miezi mitano sijakisikia kicheko hicho. Ningeuza mashine nikisikie tena, ila hakuna anayeitaka.

Daktari alionya tusichelewe. Pengo halitatungoja.

Jumamosi, 15 Machi

Wamagana, kwa mama. Nilitumaini atakataa, au angalau afikirie mpaka Pasaka. Akaamua kabla chai haijachemka. "Weka hiyo waya. Na hiyo maneno ya ng'ombe, chukua wazee wawili uende Endarasha useme pole. Ni neno moja tu, Gicheru."

Kumbe yeye na Wacera huongea kwa simu kila wiki. Mama yangu mzazi! Nikamweleza kwamba mwanamume haendi kwa wakwe na wazee kwa ajili ya ng'ombe mmoja, tena aliyekuwa akichechemea. Akanifungia viazi, akaniambia niwahi gari.

Ijumaa, 21 Machi

Waya umewekwa. Tabby hakulia. Alishika kidole changu upande huu na cha mama yake upande ule, na kwa dakika hizo chache tulikuwa watatu kama zamani. Niliomba daktari achelewe. Lakini ana mikono myepesi sana, akamaliza upesi.

Nje, Wacera akaniuliza polepole, "Baba Tabby, kwani hauna kitu ya kuniambia?"

Nilikuwa nacho. Nikamwambia waya unang'aa vizuri.

Akanitazama. Akamfunga Tabby vifungo vya sweta, wakaenda. Gatobu alikuwa akiwangoja kwenye pikapu. Nampenda huyu mwanamke, kitanda ni kikubwa mno bila yeye, nami namwambia habari za kung'aa!

Jumapili, 23 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasoma karatasi ya daktari. Kurudi kukaguliwa: baada ya miezi sita. Miezi sita! Nikahesabu mpaka Septemba nikakaribia kulia mbele ya wanakwaya.

Nikafikiria wale wazee wawili. Hata jina la wa kwanza nikalipata: Mzee Kingori, hapo hapo kwenye benchi la mbele. Nikamsogelea ibada ilipokwisha. Nikamsalimia. Tukaongea kuhusu mvua.

Halafu nikageuza karatasi. Nyuma imeandikwa mtoto asile tofi wala chingamu, kwa sababu zinang'oa waya, na ukilegea aletwe na wazazi mara moja.

Mara moja.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu ya kukaa na Tabby. Nimepitia dukani kwa Wachuka. Nimechukua tofi, pakiti mbili.