Kibao cha Diwani Ambrey

Halmashauri ya Mji wa Ospringham ina furaha kuutangazia umma kwamba mji wetu sasa unaye mtu mashuhuri.

Kabla ya hapo tulikuwa watupu. Jirani zetu wa Kelbrough wana admirali, mshairi, na mwizi wa farasi aliyenyongwa kwa heshima zote. Vibao vya buluu, vile vya kuonyesha nyumba walimoishi watu mashuhuri, vimeota kwenye kuta zao kama vipele. Watalii hunywa chai na kula keki huko. Kwetu hupita kuulizia choo.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Watu Mashuhuri chini ya Diwani Cuthbert Ambrey, nami nikiwa katibu. Tulipekua historia ya mji tangu enzi za Wanormani, tusimpate mtu wa maana. Mwenyekiti akakohoa, akasema hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta historia iliyokwisha kuketi mezani. Kanuni ilitaka mhusika awe marehemu. Tukaongeza: "au anayetarajiwa kuwa."

Kibao kikapigiliwa mlangoni pake: HAPA ALIISHI CUTHBERT AMBREY, KIONGOZI.

Mkewe, Lettice, alikisoma akiwa na mfuko wa viazi mkononi.

"Aliishi? Kwani siku hizi unalala wapi?"

"Ndiyo lugha ya vibao, mke wangu."

"Haya, marehemu, nipokee viazi."

Watalii wakaja kweli. Walimchungulia dirishani akila yai la kuchemsha, wakampiga picha. Lettice akaanza kuwauzia chai na keki sebuleni, na maneno yake yakawavuta kuliko keki. Diwani alipotoka kupaka mlango rangi, afisa wa majengo ya kale, Bwana Prowse, akamzuia.

"Weka brashi chini, mzee. Nyumba ya mtu mashuhuri haiguswi."

"Huyo mtu mashuhuri ndiye mimi."

"Ulikuwa," akasema Prowse kwa upole.

Diwani akalipeleka shauri kikaoni. Mwanasheria wetu akalitafakari kwa kina. Diwani, alieleza, sharti awe mkazi wa mji. Kibao rasmi kinasema aliishi. Halmashauri haiwezi kusema uongo ukutani, kwa hiyo kiti ki wazi. Ambrey alinyoosha mkono kupinga. Msimamizi wa kikao akawaomba watazamaji watulie.

Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Lettice akagombea, akashinda bila jasho, maana mji mzima ulishakunywa chai kwake. Asubuhi ya kuapishwa alifunga vifungo vya koti mbele ya kioo, mumewe akimtazama toka kitandani.

"Na mimi nifanye nini, Lettice?"

"Wageni wanakuja saa nne. Wewe ndiye unayeijua nyumba."

Sasa yeye ndiye huwatembeza, na hufanya kazi hiyo vizuri. Juzi bibi mmoja, akiitazama picha ya Ambrey ukutani, alimuuliza kama aliwahi kufahamiana na marehemu.

Alifikiri kidogo.

"Si sana," akasema. "Hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alikuwa mtu wa vikao."