Vijiko vya Moto Mdogo

Volkmar Dressen alikuwa anakunywa bia ya mtu mwingine katika baa moja ya Solingen, mji wa visu na vijiko huko Ujerumani, alipomsikia Mzee Knapp, mwenye kiwanda cha vijiko, akilalamika kwamba hoteli zinamrudishia mali. Vijiko vinachubuka upesi mno.

"Mzee, dawa ipo," Volkmar akadakia. "Tanuri la moto mdogo. Gesi ya nitrojeni inapenya kwenye ngozi ya chuma, kinakuwa kigumu na bado hakishiki kutu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Na wenzangu?"

"Watajua wakishafilisika."

Knapp akatabasamu kama aliyelambishwa asali, akatoa malipo ya awali palepale. Kufikia Ijumaa, wenye viwanda wengine wawili nao walikuwa "wa kwanza kuambiwa".

Kuhusu nitrojeni, Volkmar alijua jina tu. Alinunua tanuri kuukuu, akaliweka kwenye banda, kisha akamwajiri Bi Gesine Pauly, mhandisi mstaafu, ili wageni waone koti jeupe.

"Mama, hakikisha gesi inawaka mwanga wa zambarau kwenye kidirisha cha tanuri. Mengine niachie mimi."

"Nitahitaji pampu nzuri na kipimajoto cha uhakika."

"Nunua! Wageni wanapenda mitambo."

Yeye alikuwa anangoja malipo ya awamu ya pili, apotelee Uhispania.

Lakini siku chache kabla Knapp hajaja kukagua, Gesine alimmwagia mezani vijiko vilivyojaa kutu kama misumari ya mtaroni.

"Imeshindikana," akasema.

"Mungu wangu! Knapp anakuja na wakili!"

"Wewe bado una umri wa kufungwa. Mimi kikongwe, nani atahangaika nami? Niuzie kampuni kwa yuro moja, lawama nibaki nazo."

"Na pesa zilizo benki?"

"Ukizigusa, polisi watakufuata wewe. Ziache, wanifuate mimi."

Volkmar nusura ambusu. Alimkimbiza kwa mwanasheria, akasaini, hata ada akalipa yeye. Njia nzima hadi Düsseldorf alicheka mpaka machozi: kuna watu wamezaliwa ili waliwe!

Miezi kadhaa baadaye, akinywa kahawa hotelini, aliona kwenye mpini wa kijiko maandishi madogo: Pauly na Knapp. Akakikwaruza kwa ufunguo. Ufunguo ndio ulioumia. Akampigia Gesine simu.

"Ulinionyesha kutu!"

"Vile nilivipika kwa moto mkali, makusudi. Moto ukizidi, chuma hiki kinaharibika na kushika kutu. Ndiyo maana tunatumia moto mdogo, Bwana Dressen. Ulikuwa na mhandisi bandani kwako, hukuwahi kumuuliza kitu."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Waeleze ulivyombwagia bibi kizee mzigo uliodhani ni takataka. Nitakuja kukutolea ushahidi."

Simu ikakatwa. Volkmar, kwa hasira, akakitia kijiko mfukoni na kuinuka. Mhudumu alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Samahani, bwana. Kijiko. Hivyo ni ghali, tunavihesabu."

Hivyo ndivyo Volkmar Dressen, aliyekwishalaghai nusu ya bonde la Rhine bila askari kumgusa hata kola, alivyokamatwa kwa mara ya kwanza maishani mwake: kwa kijiko cha kahawa.