Wekoye Mnyonya Damu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mambo ni mabaya. Jumamosi soko la Chwele linachagua mwenyekiti, na tunaogombea ni wawili: mimi Mukhisa, dijei wa sinema, na Wekoye, muuza mbuzi. Wekoye ametangaza hadharani kwamba akishinda, kibanda changu cha video kitakuwa zizi. Ati mbuzi wake wananyeshewa. Na mimi nitafsirie watu filamu wapi, juu ya mti?

Nimeenda Kitale kwa Kipkorir, anayeuza filamu kwenye flashi. Amenipa anime mpya, katuni ya Kijapani ya mapigano yenye vipindi vingi. Ndani yake kuna mnyonya damu mwenye koti refu jekundu. Nimeona mwanzo tu, nikiwa nimesimama pale dukani: anamrukia msichana kisimani na kumng'ata shingo. Imetosha! Kipkorir amenisihi niiangalie yote kwanza. Nimemwambia dijei haangalii, dijei anasema. Huyo mnyonya damu nitamwita Wekoye.

Jumanne, 4 Machi

Kibanda kimejaa hadi dirishani. Kijapani sijui hata salamu, lakini nani hapa anakijua? Maandishi ya Kiingereza ya chini ya skrini nimeyaziba kwa kipande cha katoni, yasije yakanibishia. Kila yule jamaa akifungua mdomo, mimi kwenye maikrofoni: naitwa Wekoye, nipeni kura na shingo. Watu wamecheka mpaka wengine wakatoka nje kukohoa. Najisikia mwenyekiti tayari.

Edah mke wangu, anayeuza chai mlangoni, ameuliza kama mimi, Baba Ivy, najua hadithi inaishia wapi. Nimemjibu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Ameguna na kurudi kwa sufuria yake.

Jumatano, 5 Machi

Wekoye mwenyewe amekuja kujiona. Amekaa mbele kabisa na fimbo yake ya mbuzi. Nilitarajia ngumi. Kumbe mnyonya damu amejikata kidole, akaona damu yake mwenyewe na kuzimia puu. Wekoye amecheka kuliko wote, machozi yakamtoka. Mtu gani huyu hajui kutukanwa?

Halafu filamu ikaanza kunisaliti. Mnyonya damu amekutana na bibi kizee njiani. Badala ya kumng'ata, amemvika koti lake na kumbebea mtungi wa maji. Nimesema koti ni la wizi. Nimesema maji yana sumu. Bibi akanywa, akapata nguvu, akaanza kulima. Mama mmoja wa sukuma wiki amesimama na kuniambia niache uongo, Wekoye wa watu ana roho safi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya aibu. Mashetani wameshuka kutoka mlimani kuchoma kijiji. Wanaume wote wamekimbia. Amebaki mnyonya damu peke yake juu ya paa na upanga wake, anakata kushoto, anakata kulia. Kibanda kizima kimesimama. Nimejaribu kusema huyu si yule, huyu ni pacha wake, jina lake Mukhisa. Wamenizomea. Wamesema koti wanalijua.

Hapo akatokea chifu mnene wa kijiji, mwenye masharubu madogo kama yangu, amejificha chini ya mkokoteni huku anaomba msamaha. Sijui nani alianza, lakini nimesikia sauti ikisema Mukhisa ndiye huyo. Kibanda kikaitikia. Nimepita stendi ya bodaboda jioni, wakaniuliza mkokoteni uko wapi. Nalala bila kula, na chakula kilikuwa kuku.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni kipindi cha mwisho, nami nimeamua hakitaonyeshwa. Nimetangaza stima zimepotea. Edah akasema mbona redio yake inaimba. Nimetangaza mashine imeungua. Wekoye ametuma watu walete mashine ya binamu yake kutoka Kabuchai. Nimewafungulia mlango.

Mnyonya damu amesimama juani ili mashetani wamfuate yeye na kijiji kipone. Ngozi yake inaungua na haondoki. Sikuwa na neno la kumtia mdomoni. Nimelia, na maikrofoni ilikuwa wazi. Wasichana wamelia, wanunuzi wa ng'ombe wamelia, Wekoye amejifuta macho kwa kofia. Yule msichana wa kisimani akaja na mwavuli, akamfunika. Watu wamepiga makofi hadi vumbi likashuka kutoka kwenye mabati.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepiga kura ya mlolongo. Nyuma ya Wekoye mstari umepita duka la mbegu, ukakata kona. Nyuma yangu alisimama Edah, na fundi viatu mmoja ambaye baadaye aliuliza kama ni hapa mbolea inagawiwa.

Alasiri Wekoye amekuja kibandani na vijana. Nimejua ndio mbuzi hao wanaletwa. Nimekumbatia televisheni. Kumbe wamebeba viti vya plastiki. Amesema ndugu yangu, soko bila sinema si soko, kibanda kinabaki, ila niendelee kumtangaza yule Wekoye wa koti. Amesema hata mama yake mzazi hajawahi kumsifu hivyo. Nimemshukuru. Edah amenikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa nini watu hupenda kusema hivyo kwa aliyeshindwa tu?

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi Kitale. Mungu si Wekoye! Msimu wa pili umefika, na mwanzoni tu mnyonya damu anauawa. Nimeona kwa macho yangu mawili pale dukani: amechomwa mkuki wa kifua, ametiwa ndani ya jeneza, amefukiwa, na jiwe kubwa limewekwa juu. Nimeomba kurudishiwa pale pa mkuki mara kadhaa. Kesho naweka spika nje, soko zima lione mwenyekiti wao akizikwa.

Kipkorir alitaka kuniambia kitu, nimemwambia dijei haambiwi. Nyumbani Edah ameuliza, kama jamaa amekufa mwanzoni, vipindi vyote vilivyobaki ni vya nini. Sijaviangalia, lakini jibu liko wazi. Ni matanga. Mtu mkubwa vile, hata kwetu huwezi kumaliza msiba wake kwa siku moja.