Machozi ya Mbelewele

Jumatatu, 9 Juni 2025

Chafya kumi na saba kabla ya chai. Rekodi mpya! Macho mekundu, pua bomba lililopasuka. Voi nimekula vumbi la mkonge miaka thelathini na sikuwahi kuumwa pua hata siku moja. Nimehamia Kakamega mwezi wa pili, kila mtu ananisifia hewa safi, na hiyo hewa safi ndiyo inayoniua.

Leo nilikuwa nimefungua simu ya mteja. Chafya. Skrubu mbili zikaruka, moja haijaonekana. Sifuna, jirani yangu wa duka la mbolea, akachungulia na kuuliza kama huko kwetu wanaume huumwa ovyo hivi. Ana sababu zake. Sote wawili tunamtaka Gentrix. Jumapili naenda Iguhu kujionyesha kwa baba yake, Mzee Makhanu, ambaye ameshatangaza kwamba hampi binti yake mtu mgonjwa-mgonjwa. Kwa hiyo mimi si mgonjwa. Nimeamua hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Emily wa duka la dawa amenikagua macho, akacheka. Si homa, ni mzio. Mahindi yamechanua, mbelewele zinamwaga ule unga wao wa njano, na pua yangu ni ngeni. "Wewe ulizoeanga jangwa," alisema. Nikamwambia Voi si jangwa. Amenipa vidonge, kimoja tu wakati wa kulala. Mahindi yakikauka, nami nitapona. Akaongeza kwamba nikiulizwa niseme ukweli, si aibu. Ukweli! Emily haendi ukweni Jumapili.

Jumatano, 11 Juni

Nilipiga hesabu: kama kimoja usiku kinafaa, vitatu asubuhi vitafaa mara tatu. Niliamka saa tisa alasiri, shavu juu ya kaunta, waya umenichora mstari usoni. Sifuna alikuwa ameshanipiga picha na kuituma kwenye kundi la kwaya. Gentrix yumo. Mjomba wake yumo. Ameandika kwamba ndugu yetu hali si nzuri, tumwombee. Mnafiki! Watu thelathini na wawili wamejibu amina.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempata adui: mbelewele zenyewe. Dirisha langu linatazama shamba la Mama Winrose, mwenye nyumba. Alipoenda sokoni nilichukua makasi nikayanyoa mahindi ya mistari minne. Chafya arobaini, lakini kazi safi.

Aliporudi alishika kiuno, akauliza nani ameyakata mahindi yake vichwa. Nikajibu kwamba hicho ni kilimo cha kisasa. Akaniuliza punje zitatoka wapi. Swali gumu. Adhabu yangu: kila asubuhi hadi mavuno niwe katikati ya shamba, nikifukuza nyani.

Jumamosi, 14 Juni

Gentrix amepiga simu. Sifuna ameshamfikishia baba habari za pua yangu. Amenisihi nifike tu na kumweleza mzee ilivyo. Nimesema bila shaka. Kisha nikaenda kwa fundi wa mageti kuazima miwani yake ya kuchomelea. Nyeusi kabisa! Nani ataona macho?

Jumapili, 15 Juni

Njia ya kwenda kwa mzee imepita kati ya mahindi marefu kuliko mimi. Pande zote mbili! Miwani ikajaa mvuke, nikajikwaa, ikaangukia mtaroni. Nikaingia uani sioni mbele, machozi yanachuruzika hadi kwenye kola, hata salamu haitoki.

Wanaume wameinamisha vichwa. Kumbe jana huko Malinya, Tingatinga, fahali wa mzee, bingwa wa miaka mitano wa mapigano ya mafahali, alichomwa pembe akafa. Sikuwa na habari. Sifuna alikuwa amenitangulia, na nilimsikia akiuliza nyama itatoka kilo ngapi.

Mzee akainuka. Akanitazama. "Huyu kijana analilia ng'ombe yangu!" akasema. "Wengine wanaulizanga nyama, huyu analia!" Akanikumbatia. Naye analia. Nikapiga chafya begani mwake mara sita, akanipapasa mgongo na kuniambia nisijizuie, uchungu hauna adabu.

Ikaja obusuma, ugali wa huku, ikaja ingokho, kuku wa kienyeji. Mzee akachukua firigisi, wanayoiita imondo, ambayo hapa huliwa na mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa mno. Akaiweka kwenye sahani yangu! Sifuna alipewa shingo. Nilimwangalia akiitafuna hadi mwisho. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Jumatatu, 16 Juni

Gentrix amekuja dukani akacheka hadi akakaa sakafuni. Kumbe mzee mwenyewe mbelewele humtoa machozi kila Juni tangu utotoni! Na kumbe kwa mgonjwa-mgonjwa alimaanisha wale wanaoumwa kila Jumatatu kwa sababu ya pombe ya Jumapili. Ningesema ukweli ningepokelewa kama ndugu wa pua moja.

Kisha akaacha kucheka. Baba yake anawatangazia Iguhu nzima kwamba amepata mkwe mwenye uchungu na fahali. Wajomba wanakuja katikati ya Agosti kuzungumza mambo ya mahari, na mzee akija kusikia ukweli kutoka kwa mtu mwingine, hatapata kunisamehe. Akanishika mkono akaniomba niende kumwambia mwenyewe, wiki hii. Nampenda sana huyu msichana. Nimeapa nitaenda.

Jumanne, 17 Juni

Nimelitafakari suala hili kwa makini. Ukweli ni kitu kizuri, lakini una haraka gani? Shida halisi ni nyingine. Agosti mahindi yatakuwa yamekauka. Wajomba watamtaja Tingatinga, watageuka kunitazama, nami nitakaa pale macho makavu kama ya muuza nyama. Haiwezekani!

Nimeingia kwa Sifuna nikanunua mbegu za mahindi, zile zinazochanua kwa siku sitini. Aliniuliza shamba nimelipata wapi. Nikamwambia ayaachie wenye akili. Jioni hii nimezipanda kwenye mikebe sita ya rangi, mitano dirishani. Wa sita nimeuweka kando ya mto wa kulalia, pua ianze mazoezi mapema.