Hoja Saba Dhidi ya Kulishwa Kete

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Vela, kwa maana yake kamili: mchezo wa fanorona, yaani kete za Kimalagasi, unaofuata baada ya mtu kushindwa, ambamo aliyemshinda hulazimika kutoa kete kumi na saba kati ya ishirini na mbili zake, moja baada ya nyingine, ili mwenzake azile, kabla ya vita yenyewe kuanza. Kwa neno moja: kulishwa.

Mimi, Ratsimihara, mtafiti wa michezo ya kale kwa miaka thelathini na mmoja, nitalishwa hadharani Jumamosi. Na nani? Na Razanakoto, fundi saa! Alinifunga mwezi Juni. (Nilikuwa na mafua.) Chama chetu cha Ankadifotsy kimeamua kwamba atakayeshinda Jumamosi atakabidhiwa ufunguo wa kabati. Humo mna mbao tisa za kale za kuchezea, karata zilizochorwa kwa mkono, na madaftari ya wachezaji waliotutangulia. Kila nilichowahi kukitamani duniani, ukimwondoa mke wangu Saholy.

Leo Razanakoto ameniambia mbele ya wote, “Mzee mwenzangu, Jumamosi usile asubuhi. Njoo na njaa.” Wamecheka. Hata mwenyekiti!

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Hoja: ikiwa vela si desturi ya kale, haimlazimishi mtu. Kinachohitajika ni ushahidi tu.

Asubuhi maktaba, mchana nyumba za wazee wanne. Wote wanne wamesema vela ilikuwepo tangu enzi za babu zao. Mmoja akauliza kwa nini swali hili huulizwa daima na watu waliofungwa. Ushahidi wa kuipinga vela: haupo. Hitimisho: ulipotea. Na kilichopotea hurejeshwa na wataalamu. Huko si kughushi. Ni ukarabati.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimekamilisha daftari la Rainizafy, mchezaji mashuhuri wa karne ya kumi na tisa, ambaye kwa bahati mbaya hakuwahi kuishi. Kurasa tisa kwa unyoya wa bata. Hoja saba dhidi ya vela, kila moja nzito kuliko iliyotangulia.

Rangi ya uzee imenipa taabu. Chai: nyekundu mno. Kahawa: mbaya zaidi. Kisha nikaona maji ya ukoko ambayo Saholy huyachemsha katika sufuria ya wali ili tunywe baada ya chakula. Rangi ya karne nzima! Nikaloweka kurasa zote. Kosa dogo la mpangilio: tulikuwa na wageni. Saholy akauliza, “Baba Hanta, shemeji zako wanywe nini sasa, historia?” Nikamweleza kwamba elimu ina gharama zake. Akasema basi elimu ioshe sufuria.

Nimeosha. Kurasa nimezianika kambani pamoja na soksi. Kuku wa jirani amekula nusu ya hoja ya nne. Vizuri! Kila daftari la kweli lina pengo.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kikao. Mwenyekiti alifungua kwa kuomba radhi, kama desturi inavyotaka: kwa waliomzidi umri, kwa waliozidiwa, kwa wasiokuwepo, na kwa yeyote ambaye angesahau kumwomba radhi. Dakika arobaini. Kisha nikasoma. Sauti yangu ilitetemeka mahali panapostahili.

Razanakoto akaomba daftari. Akaweka jichoni kioo chake cha ufundi. Akapindua ukurasa. Akaunusa. Akaunusa tena, na machozi yakamtoka!

“Jamani, linanukia jikoni kwa bibi yangu. Karatasi za siku hizi hunukia wali hivi?”

Hakuna aliyebisha. Vela imefutwa kwa kauli moja. Ushindi mkubwa kabisa! Razanakoto alinikumbatia, muda mrefu kuliko adabu inavyodai. Sielewi kwa nini.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Ninaelewa.

Tukipanga kete, aliniinamia sikioni. “Kaka, umeniokoa. Wiki nzima sikulala. Kete tano dhidi ya ishirini na mbili! Hata shangazi yangu angenifunga, sembuse wewe.”

Hesabu hiyo sikuwa nimeifanya. Miaka thelathini na mmoja ya utafiti!

Nikamwomba mwenyekiti daftari lichunguzwe upya. Nikadokeza kwamba huenda Rainizafy alikuwa mlevi. Zogo! Razanakoto akasimama: “Marehemu hajibu, ndiyo maana unamtukana?” Nikaamriwa kumwomba marehemu radhi. Nimemwomba, kofia mkononi, kichwa chini, mtu ambaye Jumatano asubuhi hakuwa amezaliwa.

Mchezo: nimefungwa kabla kahawa haijapoa. Kwa mkupuo mmoja alikula kete zangu tisa. Amepewa ufunguo. Ameufunga shingoni kwa kamba ya saa.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekwenda kuomba kuona kabati. Razanakoto alinipokea vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Daftari la Rainizafy limevikwa hariri, rafu ya juu kabisa. Nimenawishwa mikono mara mbili kabla ya kuligusa. Nimepewa dakika kumi. Nilipolisoma kwa sauti, alinisahihisha: “Hapana, kaka, hapo unamwelewa vibaya. Rainizafy hakukusudia hivyo.”

Nimerudi nyumbani nikiwa mtulivu. Nimepitia kila hatua kwa makini, na ni wazi kwamba mbinu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa tarehe. Daftari la Rainizafy si la kale vya kutosha. Linahitajika la baba yake, linalothibitisha vela, na kuagiza kwamba aliyefungwa mara mbili alishwe mara mbili.

Saholy amenikuta nikiunguza wali kwa makusudi. Ameuliza kama akili zangu ziko sawa au awaite kaka zake. Nimemwomba asipunguze moto.

Linabaki swali moja, ambalo wanazuoni hawajalijadili ipasavyo: iwapo baba anathibitisha jambo analolikana mwanawe, mtafiti makini amwamini yupi, hali wote wawili wana mwandiko mmoja?