Farasi Waliopakwa Sabuni

Jumamosi, 7 Juni

Baba Watoto amekubali! Kwa sharti, lakini amekubali. Alhamisi daktari atamtoa mtoto wa jicho. Ataanza na la kushoto, maana hilo limeshafunga ukungu kabisa. La kulia bado linajikongoja. Muda wote huu alikuwa anakwepa. Leo kasema ataenda, ila kwanza aione tena ile filamu yake ya msafara wa farasi jangwani, ile ya picha pana, aliyoiendesha mwaka mzima alipokuwa fundi wa mashine pale sinema, kabla jengo halijageuzwa ghala la magodoro. Eti mkono wa daktari ukiteleza, apofuke akiwa nayo kichwani.

Mimi nilikuwa mkata tiketi mlangoni. Sikuwahi kuiona yote. Niliisikia tu kupitia pazia.

Tatizo ni wifi. Keshatangaza kwamba kaka yake ataitazama kwake, kwenye televisheni yake kubwa kama mlango. Yaani nimfulie mimi, nimtilie dawa ya macho mimi, halafu furaha akaipatie sebuleni kwa wifi! Thubutu. Nimemwambia mgonjwa haruhusiwi kupanda ngazi wiki ya upasuaji. Daktari hakusema hivyo. Lakini angeweza kusema.

Televisheni inaletwa kwetu kesho.

Jumapili, 8 Juni

Imefika, imeviringishwa mablanketi mawili kama mtoto mchanga. Wifi kaikabidhi kwa amri moja: wifi yangu, rimoti usiiguse. Binti yetu mkubwa, yule anayehariri video za harusi, kaja na filamu kwenye flashi, kapanga kila kitu, naye kasema hayohayo: Mama, nakuomba, usiguse. Kisha kaondoka kwenda kazini.

Mtu mzima mimi! Wananiona sina akili?

Baba Watoto alipojilaza mchana nikaiwasha kidogo tu, kuhakikisha. Masikitiko! Giza juu, giza chini, picha imebanwa katikati kama mtu anachungulia kwenye tundu la barua. Skrini tumeazima nzima, kwa nini mgonjwa atazame nusu? Nikabonyeza, nikabonyeza, hadi picha ikajaa. Watu wakarefuka kidogo. Wamependeza. Wembamba unawafaa.

Halafu nikaona pameandikwa Mwendo Laini. Nani asiyetaka laini? Nikapandisha hadi mwisho. Lo! Vumbi, farasi, vilemba, vyote vinatiririka kama maji ya bomba. Nilijiona kama niko dirishani kwangu nawatazama majirani.

Binti na elimu yake yote hakuliona hilo. Nimelala kwa furaha.

Jumatatu, 9 Juni

Sijui niandike nini.

Nilimpigia pasi shati jeupe. Alikaa mbele, miwani kaisafisha mara tatu. Nikawasha. Msafara ukatokea. Nikamtazama yeye, siyo skrini, nikisubiri tabasamu.

Halikuja. Aliinamia mbele. Akafunga jicho moja, akafunga la pili. Akauliza kama hii ndiyo yenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona farasi wanateleza, kama wamepakwa sabuni kwatoni. Na mbona mashujaa wanaonekana kama jamaa waliovishwa nguo za kuazima wakapigwa picha uani kwa dada yake. Na nyuso, mbona ndefu kama vibuyu?

Nikasema labda ni uzee wa filamu.

Akavua miwani, akaniomba nizime. Akasema kwa sauti ndogo, Mama Watoto, filamu haina kosa, macho ndiyo yamekwisha. Kitu nilichokitazama mwaka mzima kiko mbele yangu, nami naona kitu kingine. Daktari atapasua nini hapo? Alhamisi siendi.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ni mimi. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nimemkuta ukumbini amefumba macho, anapapasa ukuta kutoka chumbani hadi bafuni. Anajizoeza. Akaniomba nisiwe nahamishahamisha ndoo.

Nilijifungia jikoni nikalia. Kisha nikapata mpango.

Nimempigia binti. Nikajifanya naulizia kwa niaba ya jirani, kwamba jirani sinema yake inateleza. Hata sijamaliza. Mama, umegusa nini?

Nikasema jirani ndiye aliyegusa.

Akashusha pumzi, akaeleza. Sinema ni picha zilizosimama, ishirini na nne kila sekunde, na macho yetu ndiyo yanayoziunganisha. Ule mtikisiko mdogo na ule ukungu wa kitu kinachopita ndivyo vinavyoifanya ionekane sinema. Ukiwasha Mwendo Laini, televisheni inabuni picha zake yenyewe na kuzipachika katikati. Ndipo jangwa linapogeuka tamthilia ya jioni. Tena jirani akiivuta ijae, anawarefusha watu. Lile giza la juu na chini siyo hasara, ndiyo alama kwamba picha ni pana.

Kwa hiyo macho ya Baba Watoto yaliona sawasawa! Jicho moja bovu, la pili linajikongoja, bado limekamata uongo wa televisheni nzima.

Mtu mwenye busara angeenda kumwambia palepale. Mimi nikaona nirekebishe kwanza kimyakimya, halafu ionekane kama muujiza. Nikachukua rimoti. Sasa televisheni inaongea lugha ambayo sijawahi kuisikia, na maandishi yake yana vinukta juu na chini. Nimebonyeza kila kitu. Picha imekuwa ya kijani.

Binti atakuja kesho. Baba Watoto anaendelea na ukuta wake.

Jumatano, 11 Juni

Wifi ndiye aliyetangulia. Alikuja kukagua mali. Alipoona kijani akashika kiuno. Alipoambiwa kaka yake hataki tena hospitali, mikono ikamwanguka. Akaanza kulia, mimi naye, mwisho tukawa tunalia pamoja hatujui nani anambembeleza nani.

Binti akaingia, hakusalimu hata. Alibonyeza kidogo tu. Lugha ikarudi, kijani kikaondoka, giza likarudi juu na chini. Akamwita baba yake, njoo, tafadhali, dakika chache tu. Baba Watoto akaja huku anapapasa mlango.

Msafara ukatokea.

Jamani. Mimi mwenyewe nimeona tofauti. Farasi sasa wanatimka, vumbi linatetemeka, na mbali lile jangwa ni mbali kweli. Baba Watoto kasimama tu. Mkono wake wa kulia ukanyooka hewani, kama anatafuta swichi. Ghafla akasema, sasa! Na palepale, kwenye kona ya juu, kiduara kikawaka na kupotea. Binti akapiga makofi. Kumbe hiyo ilikuwa ishara ya fundi kubadili mashine, gurudumu la mkanda linapokaribia kuisha. Wifi hakukiona. Mimi sikukiona hadi binti aliporudisha picha nyuma. Yeye alikijua kabla hakijaja, na kilipokuja akakiona.

Akakaa. Akacheka hadi akakohoa. Akatuhutubia! Kwamba ukitazama vizuri, kamera inageuka polepole, maana kwenye skrini pana kama ile, kwa picha ishirini na nne, farasi akikatiza haraka anaonekana anarukaruka. Kwamba kuna filamu chache pana zilizopigwa kwa picha thelathini ili kuondoa hilo, ila mashine za aina hiyo pale sinema hawakuwahi kuwa nazo. Wifi anaitikia kwa kichwa kama ameelewa.

Kisha akauliza ni nani aliyeiharibu juzi.

Wote wakanitazama mimi. Nikaanza kusema umeme huwa unakatika na kurudi. Nikaishia hapo. Nikasema ni mimi, nilitaka uione nzuri zaidi.

Heri angefoka. Alinishika mkono, akasema alinisikia jikoni jana, akadhani namlilia kipofu. Kwamba siku mbili hizi alikuwa akinitazama kwa kuniaga. Akasema, mke wangu, mimi sikutaka nzuri zaidi. Nilitaka ileile.

Kesho anakwenda.

Wifi kaondoka na rimoti yake mkobani.

Alhamisi, 12 Juni

Imeisha salama! Daktari anasema jicho limekubali. Amefungwa bendeji, itafunguliwa kesho.

Aliponyooshwa kitandani akaomba nikae karibu. Ananiambia kwamba kwa huo ukungu, miaka miwili amekuwa akiniona kama mtu aliye nyuma ya pazia la mvua. Kesho hataki sinema. Anataka kuniona mimi, sura yangu hiyohiyo. Nesi akasikia, akasema loo, mama una bahati.

Nikajichekesha. Ndani nimepoa kama maji ya mtungi. Miaka miwili! Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa na jino la mbele. Haya mashimo chini ya macho hayakuwapo. Na hizi siku mbili nilizomtia katika kifo cha macho zimenichimba mengine.

Nimeapa sitagusa kitu tena.

Ijumaa, 13 Juni

Sijagusa kitu. Nimepita tu kwa mpiga picha aliye ng'ambo ya hospitali, mara moja, njiani.

Mtu fundi sana. Kanipiga, kisha kwenye kompyuta yake kaniondolea mikunjo yote, kanirudishia jino, kanipunguza kidevu. Kaniuliza laini kiasi gani. Nikamwambia hadi mwisho. Fremu ilikuwa kubwa kuliko picha, ikabaki nafasi nyeupe juu na chini. Nikamwomba aivute kidogo ijae. Nimerefuka. Nimependeza.

Nesi kaniuliza kama huyo pichani ni kitindamimba wetu.

Baba Watoto amekaa kitandani, kanyoosha shingo kama siku ile alipovaa shati jeupe. Anauliza kama nipo. Nipo, Baba Watoto, nipo hapahapa mbele yako.

Nesi huyo, anakuja na mkasi wa kukatia bendeji. Naacha kuandika. Nahitaji mikono yote miwili kuinua fremu mbele ya uso wangu.