Kila Muuguzi na Kitabu Chake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Mheshimiwa Makamu wake, na Makamu wa Makamu ambaye naambiwa yuko njiani, Mkuu wa Chuo, wakuu wa idara zote mbili, wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, wanahabari, mke wangu mpendwa, nanyi wanafunzi wa uuguzi mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye viti.)

Nasimama mbele yenu, kwa unyenyekevu ambao nimesifiwa nao mara nyingi, kuzindua rasmi Mradi wa Kila Muuguzi na Kitabu Chake, mradi jumuishi, shirikishi, endelevu na wa kidijitali, uliopitia upembuzi yakinifu, semina elekezi tisa, ziara ya mafunzo ng'ambo ya siku kumi na nne, na mchakato ambao kwa ukubwa wake wataalamu waliuita mchakato wa michakato. (Makofi.) Utafiti wangu binafsi unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wanafunzi wanapenda vitabu, asilimia tatu iliyobaki haikupatikana kuhojiwa, ilikuwa imekwenda kuazima vitabu. (Kicheko. Mheshimiwa mgeni rasmi haelewi kinachochekesha.)

Hali yenu naifahamu. Nimearifiwa kwamba chuo kina kitabu kimoja tu cha mwili wa binadamu, kwamba mmekichana sura sura mkagawana, na kwamba sasa mnaitana kwa sura mlizopata: huyu Ini, yule Mapafu, wale pacha Utumbo Mwembamba na Utumbo Mpana. Huo ndio ubunifu! (Msichana wa nyuma ananyoosha mkono. Mheshimiwa anajaribu kutomwona, anashindwa.) Haya, sema mwanangu, kwa kifupi.

(“Shikamoo Mheshimiwa. Mimi ndiye Figo. Moyo aliacha chuo mwezi uliopita, akaondoka na kurasa zake. Jumatatu tuna mtihani, na nusu yake ni moyo. Mara ya kwanza nilifeli. Nikifeli tena narudishwa nyumbani, na mama alishauza cherehani yake ili nisome. Tunaomba hivyo vitabu leo.” Makofi marefu, ya juani.)

Swali zuri, tena nimelipenda. Binti yangu, serikali inazitambua figo zako. Suala la moyo liko mezani, na litapewa kipaumbele katika awamu ya tatu, mara tu awamu ya kwanza itakapokamilisha kuandaa mazingira wezeshi kwa ajili ya awamu ya pili. Msikubali kupotoshwa na watu wanaodai vitabu kabla hawajaielewa dhana nzima ya kitabu. Mimi mwenyewe nilisoma bila kitabu, na mnaniona nilivyo. (Sauti: “Tunakuona!”) Ahsanteni kwa kuniunga mkono.

Kila muuguzi! (Kimya.) Mnaitikia, “Na kitabu chake!” Kila muuguzi! (Mkuu wa Chuo, peke yake: “Na kitabu chake!”) Naona mwamko ni mkubwa.

Kwa kumalizia, shukrani. Naishukuru Kamati, iliyogundua mapema kwamba mradi ungechelewesha uzinduzi, ikaamua kwa kauli moja kuuacha mradi. Namshukuru mchapaji, aliyeleta karatasi zote kwa wakati. Na ilipobainika kwamba hakuna aliyekumbuka kutafuta kitabu cha kuchapa, akakubali kuichapa hotuba hii, nakala elfu tatu, picha yangu ikiwa mbele. Chukueni mkitoka, msione haya. Kwa kubana matumizi, imechapwa upande mmoja tu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Wanafunzi wanapanga foleni, jambo linalomfurahisha sana Mheshimiwa. Figo anachukua nakala arobaini, anaifudikiza ya kwanza gotini, upande mtupu juu, anatoa kalamu, anamgeukia dada mmoja wa mwaka wa tatu: “Dada, moyo bado unaukumbuka? Nitajie polepole, niandike.”)